Siku Moja Mjengoni: Mambo Kumi na Mawili, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Dodoma huwa na wenyewe. Nyumba za wageni hujaa, bodaboda hawalali, na kila unayekutana naye hotelini ana bahasha ya kaki kwapani na jambo lake la kumweleza waziri. Ni Bunge la Bajeti. Kila wizara inapewa siku zake, inaingia na kitabu cha hotuba, inaomba fedha, inahojiwa, inaondoka. Wengi wetu tunaambulia vipande vya nusu dakika kwenye simu: mmoja kakunja ngumi, mwingine kauvunja mbavu ukumbi mzima. Vipande hivyo ni vitamu, lakini siku yenyewe ndiyo inayoamua kama zahanati ya kijiji chako itapata mganga.

Hii hapa siku ya mjengoni basi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi taa za jioni, nikiipanga kwa faida anayoipata mpiga kura. Namba kumi na mbili inamfaa kidogo kuliko zote. Namba moja tutafika. Ubishi ruksa.

12. Ukaguzi wa mavazi

Juni 1, 2021, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama akaomba mwongozo kuhusu mavazi ya mbunge mwenzake wa Momba, Condester Sichalwe. Spika Job Ndugai akamtaka mheshimiwa huyo atoke, akavae vizuri, ndipo arudi. Akatoka na suruali yake, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikageuka fundi cherehani.

Momba iko mpakani na Zambia. Ina barabara za kuulizia, ina maji ya kuulizia, ina mambo ya mpaka ya kuulizia. Siku ile ikaulizwa suruali. Ndiyo maana jambo hili linashika mkia, na likithubutu kupanda hata ngazi moja nitalishusha mwenyewe.

11. Wageni waliopo jukwaani

Maswali yakiisha, Spika anawatambulisha wageni. Wanafunzi wa sekondari, wanakwaya, madiwani waliosafiri usiku kucha, mke wa mheshimiwa fulani, timu iliyorudi na kikombe. Wanasimama, wanapunga mikono, wanapigiwa makofi, wanakaa.

Haya ndiyo makofi pekee bungeni yasiyo na chama. Na mwanafunzi aliyekaa kule juu akamwona mbunge wake amesinzia, atamkumbuka hadi siku atakapofikisha umri wa kupiga kura.

10. Pongezi

"Mheshimiwa Spika, awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya njema. Nimpongeze Mheshimiwa Rais. Nimpongeze Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu na watendaji wote. Nikupongeze na wewe kwa jinsi unavyokiendesha Kiti." Kengele ya kwanza.

Mheshimiwa, kengele imelia. Bado kuna daraja. Bado kuna zile nguzo za umeme zilizolala kando ya barabara kijijini. Sina ugomvi na adabu. Kwetu mtu haanzi na shida kabla ya salamu. Lakini mchangiaji wa bajeti hupewa dakika chache sana, na dakika hizo si zake. Ni za watu waliopanga foleni juani kumchagua. Akizigawa zote kwa viongozi, wao wanabaki na lile neno la mwisho linalosemwa kwa pumzi moja huku kipaza sauti kinazimwa: "naunga mkono hoja".

9. Siwa na dua

Saa tatu kamili Mpambe wa Bunge anaingia na siwa, Spika nyuma yake, ukumbi mzima umesimama. Dua inasomwa kuiombea nchi, viongozi wake na hekima kwa watakaosema. Ni dakika pekee ya siku ambayo hakuna mbunge anayeomba Taarifa.

Ningeiweka juu zaidi, ila ni fupi, na hekima iliyoombwa saa tatu huwa inaanza kupungua kwenye saa tano hivi.

8. Taarifa! Utaratibu! Mwongozo!

Hapa ndipo vipande vya simuni vinapozaliwa. Mbunge anachangia, mara mwenzake upande wa pili anawasha kipaza sauti: "Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Anaruhusiwa, anatoa taarifa yake, ambayo mara nyingi ni hotuba iliyokosa nafasi kwenye orodha ya wachangiaji. Spika anamgeukia mwenye zamu: unaipokea? Hapo kuna majibu mawili tu yanayojulikana tangu enzi. Ama "naipokea kwa mikono miwili", ama "siipokei, na Mheshimiwa Spika, naomba ulinde muda wangu".

Ulinde muda wangu! Hakuna ombi linalotoka moyoni mjengoni kama hilo. Bahati mbaya huwa halitolewi wakati wa pongezi.

Utaratibu na Mwongozo ni mambo mazito zaidi, maana yanagusa Kanuni za Kudumu za Bunge. Anayesimama kuhusu utaratibu anasema kanuni inavunjwa sasa hivi, na anatakiwa aitaje. Anayeomba mwongozo anataka Kiti kimwambie kama jambo lililotokea linaruhusiwa. Tundu Lissu, alipokuwa mbunge wa Singida Mashariki na mnadhimu wa upinzani, alijulikana kwa hili: akisimama na kitabu cha kanuni mkononi, hata mawaziri walianza kufungua vyao. Huo ulikuwa upinzani wenye manufaa kwa kila mtu, wakiwemo wasiompenda, kwa sababu Spika anayejua kuna mtu kasoma kanuni huzisoma na yeye.

7. Kutoka nje

Aprili 16, 2014, wajumbe wa UKAWA, umoja wa wapinzani, walisimama wakatoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba, Profesa Ibrahim Lipumba akiwa mbele yao. Mwaka 2016 wabunge wa upinzani walitoka tena na tena Naibu Spika Tulia Ackson alipokalia Kiti, kuna siku wakiwa wameziba midomo kabisa.

Watu husema anayetoka amewaacha wapiga kura wake bila msemaji, na ni kweli kwa siku hiyo. Lakini tazama yaliyofuata baada ya 2014. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba mwaka ule, kura ya maoni ikapangiwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na hadi leo haijafanyika. Viti vile vitupu vilikuwa na uzito kuliko vingi vilivyokaliwa. Nawapa namba saba kwa sababu kutoka kuna nguvu pale tu unapokuwa na cha kuwarudishia watu, na kwa sababu mlango ule ukitumika kila wiki, walinzi wataufungua bila hata kugeuka kutazama.

6. Sarakasi

Mei 2022, Flatei Massay, mbunge wa Mbulu Vijijini, alikuwa anachangia bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Alikuwa ameshaidai sana barabara ya Karatu hadi Haydom kupitia Mbulu. Maneno yakamwishia. Akatoka kwenye kiti chake akapiga sarakasi mbele ya Bunge la Jamhuri ya Muungano, kwenye suti yake, akasimama.

Ukumbi ulicheka, na picha zilizunguka nchi nzima. Mimi namtetea. Haydom kuna hospitali kubwa ya Kilutheri inayotegemewa na watu wa Manyara na mikoa ya jirani, na mwenye kumpeleka mjamzito huko wakati wa masika anapigishwa sarakasi na gari safari nzima, bila makofi. Mbunge aliwaonyesha mawaziri kwa sekunde chache kile ambacho wapiga kura wake wanakifanya kwa saa kadhaa. Kosa halikuwa lake. Kosa ni pale ambapo mtu mzima amekwisha kusema, akarudia, akaandika, na kinachosikika mwishowe ni kichwa chake kikiwa chini na miguu juu.

Inakaa namba sita na si juu zaidi kwa sababu moja tu: wote tunaikumbuka sarakasi, wachache wanaikumbuka barabara.

5. Mabano ya Hansard

Kila neno linalosemwa mjengoni linaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, ile wanayoiita Hansard. Ukiifungua utakutana na mabano: (Makofi). (Kicheko). (Makofi/Kicheko). (Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji). Napenda sana mabano haya. Mheshimiwa anaweza kusema baadaye kwamba hotuba yake ilitikisa Bunge, lakini kurasa zote mbili ukizipekua unakuta kengele tu.

Utamu wake mkubwa uko kwingine. Januari 2016, waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kwamba televisheni ya taifa, TBC, ingeacha kurusha mijadala moja kwa moja, sababu ikiwa gharama. Wananchi wengi wakabaki na vilivyochujwa. Hansard haikuzimwa. Iliendelea kuandika nani aliahidi nini na ukumbi ulipiga makofi wapi, na yeyote anaweza kuisoma kwenye tovuti ya Bunge, hata miaka mingi baadaye. Tafuta jina la kata yenu humo. Ukikuta naibu waziri aliahidi kisima mwaka 2018, ukurasa huo ni mali yako. Uchapishe, upeleke kwenye mkutano wa hadhara, umsomee mwenyewe akija kuomba kura. Na usimsahaulishe yale mabano, maana alipigiwa na makofi.

4. Alhamisi ya Waziri Mkuu

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya maswali ya kawaida, Waziri Mkuu anasimama peke yake na kuulizwa papo kwa papo kwa nusu saa. Maswali hayapelekwi kwanza wizarani yakaandikiwe majibu. Yanapaswa kuwa ya sera, kwa hiyo mbunge mwenye swali la kisima cha kijiji analazimika kulivalisha suti: "Nini kauli ya Serikali kuhusu huduma ya maji vijijini, kwa mfano kijiji cha..." na hapo kijiji kinatajwa. Ufundi halali kabisa, naupigia makofi kila mara.

Thamani ya nusu saa hii ni kwamba mtu hana karatasi ya kujificha nyuma yake. Januari 2009, Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima, alitakiwa kuifafanua kauli yake juu ya wauaji wa watu wenye ualbino. Machozi yalimtoka mbele ya Bunge zima. Ubishi juu ya kauli yenyewe uliendelea, na ulistahili kuendelea, lakini nchi ilimwona kiongozi wake mkuu wa shughuli za Serikali akikabiliwa na jambo la kutisha bila kitabu cha hotuba mkononi. Wakati ule watoto walikuwa wanauawa kwa ajili ya viungo vyao. Swali lililomfikisha mtu kwenye machozi lilikuwa linauliza mahali panapostahili.

Ombi langu kwa waheshimiwa: msitumie Alhamisi kumuuliza Waziri Mkuu kama anakubaliana nanyi kwamba Serikali inafanya kazi nzuri. Anakubaliana.

3. Swali la nyongeza

Sasa tunaingia kwenye mambo yenyewe.

Swali la msingi linaandikwa mapema, linapewa namba, linapelekwa wizarani, na wataalamu wanaliandikia jibu. Mbunge anasimama: je, ni lini Serikali itaijenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka hapa hadi pale? Naibu Waziri anasimama na karatasi. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina vimekamilika. Ujenzi utaanza kwa kadri ya upatikanaji wa fedha. Anakaa.

Jibu hilo unaweza kulijibia barabara yoyote, kutoka Kagera hadi Mtwara, na likakubali. Ndiyo maana kuna nyongeza. Muuliza swali anaruhusiwa maswali mawili zaidi, na wenzake nao wanasimama kwa wingi wakitaka nafasi, ukumbi mzima ukiwa wima kama wanakijiji waliosikia gari la mnada linaingia. Swali la nyongeza wizara haikuliona. Wataalamu hawakuliandikia. Hapo anabaki waziri na kichwa chake.

Mbunge goigoi anaitupa nafasi hii. Anasema, "Pamoja na majibu mazuri ya Serikali..." halafu anarudia swali lile lile. Mbunge stadi anauliza kitu chenye tarehe na tarakimu. Upembuzi ulikamilika mwaka gani? Kwenye bajeti hii tunayoipitisha wiki ijayo, barabara hii imetengewa kiasi gani, na iko ukurasa wa ngapi? Waziri hawezi kulijibu hilo kwa "inatambua umuhimu". Ama fedha ipo, ama haipo, na ukumbi unasikia.

Kuna na lile jingine maarufu: "Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami mara baada ya Bunge hili kwenda kujionea hali halisi?" Wengine hulicheka, wanaona ni la kutafuta picha. Mimi nalipenda. Waziri akijibu "niko tayari" mbele ya Hansard, mbunge ameondoka na kitu mkononi. Waziri akifika huko kwenye tope, mkuu wa mkoa anafika, meneja wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, anafika, na injinia wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, anafika akiwa na ramani. Barabara nyingi zimechongwa wiki moja kabla ya ziara kama hiyo.

Na ukitaka kujua mbunge anayelijua jimbo lake, msikilize akiuliza kupandishwa hadhi kwa barabara kutoka TARURA kwenda TANROADS. Ya TARURA iko chini ya TAMISEMI, ya TANROADS iko chini ya Wizara ya Ujenzi, na mwananchi aliyekwama katikati hajui amkasirikie nani. Mbunge anayeweza kusema kilomita ngapi, madaraja mangapi, na ni halmashauri gani iliyoandika barua lini, huyo amekanyaga barabara hiyo kwa miguu yake. Wengine wameiona kwenye swali la msingi.

Nyongeza ni sekunde chache na haina gharama yoyote. Lakini Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na siku nyingi usimamizi huo hauzidi sentensi moja nzuri iliyoulizwa bila kusoma karatasi.

2. Kushika shilingi

Jioni. Mjadala wa wizara umekwisha, waziri amejibu hoja. Bunge linageuka kuwa Kamati ya Matumizi, Spika sasa anaitwa Mwenyekiti, na vitabu vya bajeti vinafunguliwa, vile vinene vyenye mafungu na vifungu. Katibu anaita kifungu kwa namba. Kwenye kifungu cha utawala, ambamo mshahara wa waziri umo, ukumbi unaamka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kuridhisha nakusudia kushika shilingi ya Mheshimiwa Waziri."

Shilingi moja! Siku hizi shilingi moja hainunui hata pipi, lakini mjengoni inaweza kumsimamisha waziri jioni nzima. Mbunge anatoa hoja kwamba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi hiyo. Hataki fedha ya mtu. Anataka mjadala, kwa sababu hoja ikishatolewa na kuungwa mkono, wenzake wanapata nafasi ya kusema, waziri analazimika kujibu, na mwishowe Mwenyekiti anauliza kama shilingi inarudi. Isiporudi, inapigiwa kura.

Ukiwa jukwaani saa hiyo, usimwangalie mbunge. Watazame maofisa wa wizara waliokaa kwenye viti vyao pembeni. Karatasi ndogo zinaanza kutembea, inapita moja, inapita ya pili, katibu mkuu ananong'ona, mkurugenzi anaandika haraka haraka. Kinachoandikwa pale mara nyingi ni ahadi yenye tarehe, kitu ambacho hotuba ya asubuhi haikuwa nacho. Waziri anaisoma: timu itakwenda mwezi ujao, au fedha ya fidia italipwa kabla mwaka wa fedha haujaisha. Mbunge anashukuru, anairudisha shilingi. Makofi.

Waheshimiwa, wengi wenu mnairudisha mapema mno. Waziri hajamaliza kusema "Serikali imelipokea" na ninyi mmeshafungua kiganja. Neno "imelipokea" halijengi choo cha shule. Ikamateni! Ulizeni lini, ulizeni kiasi gani, ulizeni nani atakayelisimamia. Wapiga kura hawakuwatuma kushika shilingi kwa vidole viwili.

Najua kinachowabana. Kwanza ni saa. Muda ukikaribia kwisha inakuja gilotini, vifungu vilivyobaki vinapita kwa mkupuo bila maswali, na mabilioni yanapita kwa kasi ambayo hata mkaguzi hawezi kuyapungia mkono. Wizara zenye fedha nyingi ndizo mara nyingi hukutwa na gilotini katikati ya kitabu, na hilo linanikera kuliko jambo lolote katika orodha hii. Muda wa Kamati ya Matumizi uongezwe, na ukatwe kwenye namba kumi.

Pili ni Ibara ya 90. Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kwa hiyo siku ya kura ya mwisho mwezi Juni, wabunge wanapoitwa jina moja moja kila mmoja aseme kura yake kwa sauti, kila jina linajua kwamba "hapana" za kutosha zinamaanisha kurudi kuomba kura upya. Ndiyo ikaitikiwa ukumbi mzima. Basi kama kura ya mwisho inajulikana kabla haijapigwa, nguvu halisi ya mbunge iko huku nyuma, kwenye vifungu, na ile shilingi moja. Hasa katika ukumbi uliojaa wabunge wa chama kimoja, ambamo asiposhika mwanachama wa chama hicho hicho hakuna mwingine wa kushika.

1. Hati za kuwasilisha mezani

Naona mmeguna. Mlitegemea shilingi ishinde.

Turudi saa tatu asubuhi. Dua imekwisha, watu wanakaa, wanasalimiana, wanatafuta miwani. Katibu anaita hati za kuwasilisha mezani. Anasimama waziri au mwenyekiti wa kamati, anasema sentensi moja kwamba anaomba kuweka mezani taarifa fulani ya mwaka fulani, anakaa. Imekwisha. Kamera haijapata hata muda wa kumtafuta.

Katika sentensi kama hizo ndimo hupita ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Kwa Ibara ya 143, ripoti zake zinakwenda kwa Rais, naye anaagiza ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kukutana. Hapo Aprili linaangushwa mezani rundo la kurasa zinazosema ni halmashauri gani ililipa mishahara hewa, ni mradi gani ulilipwa bila kujengwa, ni shirika gani linakula mtaji wake.

Karatasi hizi zimeitikisa nchi kuliko ngumi zote zilizowahi kupigwa juu ya meza. Aprili 2018, mbunge Zitto Kabwe aliisoma ripoti ya mwaka 2016/17, akalinganisha mapato yaliyokusanywa na fedha zilizotolewa kutumika, akauliza iko wapi shilingi trilioni 1.5. Hakupiga sarakasi. Alitoa tu tarakimu moja kwenye nyingine, na Naibu Waziri wa Fedha, Ashatu Kijaji, akalazimika kusimama bungeni kutoa maelezo ya Serikali. Mwishoni mwa mwaka ule ule CAG Profesa Mussa Assad alitamka kwamba Bunge ni dhaifu katika kuzifanyia kazi ripoti zake. Mwaka uliofuata aliitwa mbele ya Kamati ya Maadili, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Bunge lilikasirishwa na neno dhaifu. Jibu bora kwa neno hilo lilikuwa mezani kwake, lisomwe, na wahusika wawajibishwe mmoja mmoja.

Maana Bunge linaweza, na limeshafanya. Novemba 2007 liliunda Kamati Teule chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Spika alikuwa Samuel Sitta, mzee wa kasi na viwango. Wajumbe walikwenda, wakauliza, wakaandika. Ripoti ikasomwa bungeni Februari 6, 2008, ukurasa kwa ukurasa, bila kelele za pekee. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu katika ukumbi ule ule, mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakajiuzulu pia, na Baraza lote la Mawaziri likavunjika. Siku mbili, karatasi moja.

Kinachoishusha nguvu hati hii siku hizi ni kalenda. Chukua fedha za mwaka ulioishia Juni 30, 2022. CAG Charles Kichere alikabidhi ripoti zake mwishoni mwa Machi 2023. Kamati ya Hesabu za Serikali na ile ya Serikali za Mitaa zikazichambua na kuwahoji maofisa, na Bunge likajadili Novemba 2023. Ni miezi kumi na sita tangu mwaka ule wa fedha ufungwe, na katikati yake, Juni, wizara zile zile zilishaingia ukumbini, zikaomba fedha nyingine, zikapewa. Uchambuzi wa kamati unahitaji muda, sikatai. Lakini zile hoja nzito kumi za kila wizara zinaweza kutolewa mapema na kuwekwa mezani siku ya bajeti ya wizara hiyo, karibu na kitabu cha maombi, ili mbunge mwenye shilingi mkononi aweze kusema: Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaipa wizara hii bilioni mpya, Waziri atueleze ukurasa huu wa CAG kuhusu ile ya zamani, na shilingi yake nitabaki nayo hadi amalize.